Moto Chini ya Mfarishi

Bi Effat ndiye aliyeileta habari, na aliileta pale pale zinapoletwa habari zote za kijiji: kwenye tanuri la mkate, mikono yake myeupe kwa unga hadi viwikoni.

"Mmesikia ya Bi Nosrat?" akasema. "Hita ya gesi aliyonunuliwa na mwanawe, mpya, bado inang'aa, ameing'oa ukutani akawapelekea kuku bandani. Kuku wanaota moto kama wake za mawaziri, yeye mwenyewe amerudi kwenye makaa yake."

"Kuku kwa gesi!" mmoja akacheka. "Basi mayai yatatoka yamechemka."

"Chekeni tu. Mimi nawaambia makaa yatamuua mwaka huu. Kichwa kimeanza kumwacha yule. Mtu mwenye akili zake hafukuzi joto lililoletwa mlangoni." Bi Effat akabandika donge lake kwenye ukuta wa tanuri, akaruka nyuma moto usimwunguze nyusi. "Lisemwalo lipo."

Mahrokh alikuwa nyuma akingoja zamu yake, Taraneh mgongoni amefungwa kwa shali. Aliolewa kutoka kijiji cha ng'ambo ya bonde, na ingawa sasa alikuwa na mtoto anayetambaa, tanurini bado walimwita bibi harusi. Bibi harusi husikiliza. Lakini habari ile ilimchoma, maana alijua jambo ambalo Bi Effat hakulijua. Alijua alichosema Iraj.

Iraj ni mtoto pekee wa Bi Nosrat, fundi wa lifti huko Tehran. Kila Ijumaa humpigia mama yake simu, kisha humpigia Mahrokh, kwa sababu mama yake jibu lake ni moja tu, "Sijambo, mwanangu," na alilitoa hata mwaka ule alipovunjika kifundo cha mkono. "Dada Mahrokh," Iraj humwambia, "ukuta wenu ni mmoja. Wewe ndiye macho yangu." Na safari hii, theluji ya kwanza ilipoanguka, aliongeza neno: "Akiugua mara moja tu, iwe kwa baridi, iwe kwa makaa, nakuja kumchukua. Nyumba naifunga."

Bi Nosrat aliwahi kukaa kwa Iraj, miaka ya nyuma, ghorofa ya juu kabisa. Hakumaliza mwezi. "Nilikuwa kama korongo juu ya mnara," alisimulia aliporudi. "Nikitazama chini, simjui mtu. Nikitazama juu, hata Mungu alikuwa amefunikwa na moshi." Tangu hapo akitajiwa Tehran husema mti mzee hauhamishwi, na husema kwa sauti ya kumaliza mazungumzo. Mahrokh aliuona mwili wake ulivyokuwa aliporudi, mashavu yameingia ndani, na aliamini kwamba safari ya pili ingekuwa ya mwisho.

Basi siku ile ile, mkate ukiwa bado unachoma vidole, akapitia mlango wa jirani yake. Uani aliwachungulia kuku. Walikuwa wamekunjamana kwenye majani makavu kama kuku wa kila mtu. Hita ilikuwa ghalani, imesimama wima, imevishwa shuka kuukuu, na juu yake kapu la vitunguu.

"Umewaona?" sauti ikatoka ndani. "Hawajambo?"

"Nimeleta mkate, Bibi."

"Mkate na macho. Vua viatu, uingize miguu. Effat amesema nini, nawapikia na chai?"

Mahrokh akacheka, akaingia.

Korsi ya Bi Nosrat ilikuwa katikati ya chumba, mahali inapowekwa kila mwaka Arobaini Kubwa, zile siku arobaini za baridi kali, inapokaribia: meza fupi ya mbao, chini yake karai la shaba lenye makaa yaliyolazwa kwenye majivu, na juu ya yote mfarishi mkubwa wa pamba uliomwagika pande nne mpaka kwenye magodoro. Mtu huketi, huvuta mfarishi mpaka kiunoni, na miguu yake hukutana na joto. Mgongo ukilalamika, huwekewa mto. Chini ya mfarishi ule ndipo soksi za Bi Nosrat zilipokaukia, ndipo bakuli la maziwa lilipogandia kuwa mtindi, na viazi vidogo viliivia majivuni bila kusimamiwa na mtu. Upande unaotazama mlango ni wa mzee wa nyumba. Upande wa mlangoni, unakopita upepo, ni wa aliyechelewa. Bi Nosrat aliuvunja utaratibu huo kwa ajili ya mtu mmoja tu. Alimchukua Taraneh, akamweka mahali pake mwenyewe pa heshima, akamwegemeza kwenye mto.

"Kaa hapo, malkia. Sisi wajakazi tutakaa kokote." Akamgeukia mama. "Ile hita ni nzuri, nisimkosee mwanangu. Inapasha ukuta, inapasha dari, inampasha nzi aliyelala darini. Lakini miguu yangu mimi iko chini. Na hiyo gesi yao, baridi ikikaza, inakuwa ndogo kama mshumaa wa kaburini. Moto gani hodari wakati wa jua tu?"

"Iraj akijua?"

"Ataambiwa na nani?" Akamtazama Mahrokh kidogo, kisha akammiminia chai.

Hilo la moto, hakuna aliyeweza kubishana naye kijijini. Mumewe, marehemu Ghorban, alikuwa mchukuzi wa makaa. Aliyapeleka mjini Hamadani kwa punda, na wakati wa kurudi alikusanya chenga na vumbi lililobaki chini ya magunia sokoni, vitu ambavyo wengine waliviona uchafu. Nosrat akiwa mke mdogo wa miaka ya kuchezea kamba alikaa juu ya paa la nyumba kiangazi kizima, akilikanda vumbi lile kwa maji, akiviringa mabonge ya ukubwa wa yai, akiyaanika juani kwa safu. Mistari ya viganja vyake iliingia weusi usiotoka. Mama mkwe wake alisema huyu hana haja ya hina. Ghorban alipofariki na Iraj hajaota ndevu, ni mabonge hayo yaliyomsomesha mtoto ufundi.

Na kila mwanamke aliyejifungua wakati wa baridi, Bi Nosrat ndiye aliyemtandikia moto. Aliamini, kama wote wanavyoamini kule, kwamba baridi ikishaingia katika mifupa ya mzazi haitoki mpaka aingie kaburini. Mahrokh alijifungua Taraneh katikati ya theluji. Mama yake mzazi alikuwa ng'ambo ya bonde, njia imefungwa. Bi Nosrat alikuja kila asubuhi mpaka arobaini ikatimia. Alimfunga kiuno kwa kitambaa cha sufu, akamnywesha uji mzito wa unga, samli na zafarani, akamkataza mtindi kwa sababu ni chakula cha baridi, akamvunjia kokwa za jozi kwa sababu ni chakula cha moto. Na kila asubuhi aliutandika moto uani. Aliyatia makaa kwenye kikapu kidogo cha waya chenye mnyororo, akakizungusha hewani kwa mkono mmoja mpaka kikawa duara jekundu, akayamwaga karaini, akasubiri. Kisha aliinama, akavuta pumzi ndefu juu ya karai, akanyamaza kama mtu anayesikiliza. Ndipo alipoyafukia makaa kwa majivu na kuliingiza karai ndani.

"Macho yanadanganywa na wekundu," alimfundisha Mahrokh. "Kaa linaweza kuwa jekundu nje na ndani bado bichi. Kaa bichi likiingia chini ya mfarishi, linawalaza watu usingizi usio wao. Moto unajulikana kwa pua."

Na dirishani mwake kioo kimoja cha juu hakikuwepo. Watu waliliona tundu lile wakadhani ni umaskini. Yeye alisema hilo ni pua ya nyumba.

Yadollah, mume wa Mahrokh, kazi yake ni umeme. Mwaka ule alikuwa ameshazunguka nusu ya kijiji akiwawekea watu kipasha joto cha waya chini ya korsi zao badala ya karai. Bi Nosrat hakumwachia apumzike.

"Anakuja yule muuza radi!" husema akimwona mlangoni. "Yadollah, moto wako huo unaoka kiazi?"

"Hauoki, Bibi. Ila hauna majivu."

"Moto bila majivu ni kama mume bila kikohozi. Utajuaje kama yupo? Haya, kaa hapo mlangoni kwenye upepo, umechelewa."

"Nimekuja pamoja na mke wangu!"

"Yeye alitangulia kwa mguu mmoja."

Hivyo ndivyo jioni zao zilivyokwenda, na Mahrokh Ijumaa ile alipopigiwa simu alimwambia Iraj, "Mama hajambo, anakula, anatania." Hayo yalikuwa kweli. La hita hakulisema. Alijiambia kwamba hakuulizwa.

Lakini Mahrokh ana tabia moja: huona vitu vidogo, na akishaviona haviachi. Tangu yale mafua ya vuli yaliyomlaza Bi Nosrat wiki nzima, kulikuwa na vitu. Siku moja alimkuta akikoroga vitunguu kwenye kikaango, vimekuwa vyeusi kama mbegu za tikiti, naye anaendelea kukoroga akisimulia harusi ya mtu. Siku nyingine alimwekea maziwa yaliyoharibika, yaliyonuka tangu mlangoni, na yeye mwenyewe akayanywa bila kukunja uso. Maji ya waridi aliyozoea kujipaka shingoni siku ya Ijumaa aliyapaka mpaka chumba kizima kikawa kama duka la manukato. Mahrokh alifikiri, uzee. Akafikiri pia maneno ya Bi Effat, kichwa kimeanza kumwacha, akayakataa, kwa sababu kichwa kile kilikuwa bado kinakumbuka nani alimzalia nani mpaka vizazi vya nyuma.

Arobaini Kubwa ilipofika katikati, baridi ikakaza. Mabomba yakaganda. Gesi ikawa moto wa buluu usiozidi kidole, na nyumbani kwa Mahrokh, ambako fundi wa umeme alikuwa hajapata nafasi ya kuweka kipasha joto chake mwenyewe, vioo viliota barafu kwa ndani. Yadollah alikuwa vijiji vya chini, nyaya zimeangushwa na theluji. Taraneh alikuwa na mafua, pua inavuja, analia kwa sauti nyembamba. Alasiri Mahrokh akamfunga vizuri, akapita kwa jirani.

"Mlete, mlete," Bi Nosrat akasema. "Huko kwenu mnakaa kama samaki wa sokoni. Mimi natandika moto mpya. Wewe nenda jikoni, kuna tanipu kwenye maji, ziwashie jiko. Mvuke wake utamfungua kifua."

Mahrokh akaenda jikoni. Dirisha dogo la jikoni linatazama uani, na kupitia hapo alimwona Bi Nosrat akizungusha kikapu cha waya kwenye theluji, mkono bado una nguvu, cheche zinaandika duara. Alimwona akiyamwaga makaa karaini. Alimwona akiinama, akivuta pumzi ndefu, akanyamaza kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Vilevile kama siku zote. Kisha akayafukia kwa majivu, akalibeba karai ndani.

Tanipu zilichukua muda kuiva, kwa kuwa moto wa gesi ulikuwa hafifu. Mahrokh alizikata vipande, akatia chumvi kidogo, akamwaga bakulini. Alipolisukuma pazia la chumba cha korsi kwa bega, bakuli mkononi, harufu ilimpiga usoni. Harufu ya kaa bichi, kali, kama kitambaa kinachoungua polepole. Macho yakamjaa maji.

Bi Nosrat alikuwa ameketi upande wa mlangoni, amejishika kipaji cha uso, anatabasamu. "Mwone, amelala. Nimemwimbia maneno mawili tu akalala."

Taraneh alikuwa mahali pa heshima, mfarishi umemfika kidevuni. Mdomo wazi. Mahrokh akatazama juu dirishani. Tundu la kioo kisichokuwepo lilikuwa limezibwa kwa shuka lililokunjwa vizuri.

Hakukumbuka baadaye bakuli alilitua wapi. Alimnyanyua mtoto, na shingo ya mtoto ilikuwa laini mno, kichwa kikaangukia begani kama cha mwanasesere. Akapiga mlango kwa mguu, akatoka naye uani bila viatu.

"Bibi! Toka! Toka nje!"

"Kuna nini? Utamtia baridi mtoto!"

"Kaa bichi, Bibi! Hulisikii?"

Bi Nosrat akaja mpaka mlangoni, akashika fremu. Alisimama pale akivuta pumzi, tena na tena, puani, kwa nguvu, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mikono. Kisha akageuka, akaingia ndani, akatoka na karai mikononi, akalimwaga lote kwenye theluji. Likafoka. Katikati ya majivu kulikuwa na kipande kirefu cha mti, kipenyo cha ngumi, upande mmoja mwekundu na upande mmoja bado una ganda la mti.

Taraneh akakohoa. Kisha akalia, kilio kikubwa cha hasira, na Mahrokh naye akalia.

Walikwenda zahanati ya kijiji wote watatu, Bi Nosrat nyuma, akitembea na mkono ukutani kwa sababu kichwa kilikuwa kinampasuka. Mhudumu, binti wa kijiji hicho hicho, alimpima mtoto, akamtazama macho, akawakalisha na dirisha wazi mpaka aliporidhika. Mtoto mzima, akasema. Rangi ya mashavu imerudi. Kisha akasema mengine, bila kupandisha sauti.

"Lile kaa kunuka ni bahati yenu. Moshi wenyewe unaoua hauna harufu, Bibi. Hata makaa yaliyoiva yanao. Mlikuwa mnasalimika kwa lile tundu la dirisha. Mngelala pale mpaka magharibi, leo ningekuwa naandika mambo mengine."

"Nililiziba mimi," Bi Nosrat akasema. "Mtoto ana mafua. Nikaona upepo utamwingia."

Mahrokh akainuka, akamchukua mtoto.

Njiani kurudi, kwenye kona ya msikiti, ndipo aliposimama. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka. Mahrokh alimbeba mtoto ndani ya koti lake mwenyewe, na alikuwa na hasira, hasira iliyochanganyika na huruma mpaka hakujua aanze na ipi.

"Bibi, nilikuona. Uliinama. Ulinusa. Ukakubali kwa kichwa."

"Niliinama."

"Na hukusikia kitu?"

"Tangu vuli sisikii kitu, mwanangu. Yale mafua yaliondoka na pua yangu. Nilidhani itarudi, kama ladha ilivyorudi nusu nusu. Kila siku nainama nasema leo. Nikiinuka natikisa kichwa, kwa sababu nimezoea kutikisa kichwa." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, kwa haraka, kama anayefuta theluji. "Nilikuwa natazama rangi. Mimi, niliyewaambieni wote rangi inadanganya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, Ijumaa ungeulizwa. Na wewe uongo hujui."

Vitunguu vyeusi, maziwa, maji ya waridi. Vyote vikajipanga kichwani mwa Mahrokh, naye akajiona mjinga, halafu akajiona mkosaji, kwa sababu macho ya Iraj yalikuwa yameona na hayakuelewa.

Kesho yake asubuhi Bi Effat alikuwa mlangoni kwa Mahrokh kabla jua halijapanda ukuta, sufuria ya supu kwapani, ameshaanza kulia.

"Pole, mwenzangu, pole! Nimeambiwa kwenye maji. Mtoto wa watu! Amezikwa saa ngapi na mimi sijaitwa?"

"Nani, Bi Effat?"

"Taraneh!"

"Na huyu anayenivuta ushungi ni nani?"

Bi Effat akamtazama mtoto, mtoto akamtazama Bi Effat. "Basi wamenidanganya," akasema, akanyamaza kilio pale pale kama anayefunga bomba. "Supu mtakunywa lakini. Mguu wa kondoo huo. Na yule mzee? Nasikia Iraj yuko njiani na lori."

"Iraj hajui kitu."

"Atajua. Ijumaa si keshokutwa?" Akashusha sauti. "Mimi namsema Nosrat, namsema sana, Mungu anisamehe. Lakini mimba yangu ya kwanza nilipoipoteza, yeye ndiye aliyekaa na miguu yangu mapajani mwake siku tatu. Wakimpeleka kule juu hatarudi, na mimi nitamsema nani?"

Akaondoka kabla hajajibiwa.

Siku ile Bi Nosrat hakuwasha moto. Mahrokh alilijua hilo kupitia ukutani. Hakusikia mnyororo wa kikapu, hakusikia koleo likigonga shaba. Alimpelekea supu, akamkuta ameketi kwenye korsi baridi, mfarishi mabegani, miguu imekunjwa chini yake. Hita alikuwa ameirudisha ukutani kwa mikono yake, na ilikuwa inawaka moto mdogo wa buluu usiopasha hata nzi wa darini. Midomo yake ilikuwa na rangi mbaya.

"Njoo ulale kwetu, Bibi."

"Kwenu nako barafu. Niache kidogo."

Mahrokh alirudi kwake akakaa na simu mkononi. Ijumaa ingekuja. Akisema ukweli, Iraj angekuja na gari, na nyumba ingefungwa, na hapakuwa na wa kumlaumu, maana mtoto wa mtu alikuwa amekaribia kufa. Akificha, Bi Nosrat angebaki na baridi hii na kichwa chake kigumu, na siku moja ukutani kungekuwa kimya zaidi ya leo. Yadollah alirudi jioni, amechoka, theluji kwenye ndevu. Alisikiliza yote. Alimchukua Taraneh akamshika kwa muda mrefu, pua yake kwenye nywele za mtoto.

"Ni mtoto wako pia," Mahrokh akasema. "Una hasira?"

"Nina hasira. Lakini ndiye aliyekutandikia moto siku zile, mimi nikiwa naogopa hata kukugusa." Akamfunika mtoto vizuri. "Sema unalotaka kusema kwa Iraj. Mimi sitakuzuia."

Alhamisi mchana mlango ukagongwa. Bi Nosrat hagongi milango ya watu wakati wa baridi. Tangu zamani ni watu wanaokwenda kwake. Lakini alikuwa yeye, amejifunika shali mbili, fimbo mkononi, theluji magotini. Hakutaka kuingia. Alimtazama Taraneh aliyekuwa anatambaa kuja mlangoni, akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Anakohoa?"

"Hakohoi. Mafua tu. Ingia, Bibi, baridi."

"Nikikaa nitazoea. Nimekuja kwa neno moja." Aliisimika fimbo yake mbele, akaweka viganja viwili juu yake, viganja vyenye mistari myeusi. "Nimekaa na ile hita yao. Nimekaa na ubaridi. Nimefikiri na Tehran. Makaa siyatii tena ndani, hata pua ikirudi. Ningekuwa peke yangu ningesema nife na moto wangu. Lakini nilimzibia mtoto wako dirisha kwa mkono wangu, nikamwimbia alale."

"Bibi..."

"Subiri nimalize, nisije nikarudi nyuma. Kesho Iraj akipiga simu, mwambie. Mwambie pua, mwambie kaa bichi, mwambie na mtoto. Usimpunguzie hata moja, nami nikipokea sitasema sijambo. Ila ukweli huo ukimfikia mtupu, atakuja na gari. Kwa hiyo nakuomba wewe, siyo mumeo, kwa sababu yeye nimemtania sana naona haya kumtazama: mwambie Yadollah aje leo, kabla hakujawa giza, aniwekee ile radi yake chini ya korsi. Ili kesho, ukishamweleza Iraj yote, uwe na la kumalizia."